Nguzo ya Jikoni na Baba Mkubwa

Gladi uko wapi? Shika simu. Nimeaibika leo, jamani nimeaibika!

Washenga wa Joel wamefika kutoka Mlali. Mama kaniweka jiko la uani, kasema nisionekane mpaka niitwe. Sawa. Ile blauzi yangu ya lesi si unaijua? Mgongo ukaanza kuwasha, pale katikati ambapo mkono haufiki.

Nikachukua mwiko, mfupi. Gunzi la mahindi ndio kabisa. Nikaona isiwe taabu, nikaegemea nguzo ya jikoni, ile wanayojisugulia mbuzi wetu, nikajisugua nimefumba macho. Gladi, raha! Mpaka nikawa naguna.

Nafumbua macho, baba mkubwa wake Joel huyu hapa! Katoka chooni, kasimama ananiangalia.

Nikasema "Shikamoo baba" huku bado najisugua. BADO NAJISUGUA, Gladi! Mgongo ulikataa kuacha.

"Marahaba," akasema. "Maliza kwanza, mwanangu."

Akarudi sebuleni. Namsikia huyo: "Binti nimeshamwona. Hana makuu." Watu wakacheka, mama akakohoa. Nikajua posa ndiyo imekufa.

Imepita, usiogope. Ila sikiliza. Wakati wa kuaga, nimeshaitwa ndani, baba mkubwa haonekani. Nikachungulia dirishani. Yuko kwenye nguzo yangu, koti kalitundika, anajisugua kafumba macho!

Nikamwita, "Shikamoo tena, baba."

"Marahaba," akajibu, wala hakuacha.