Njoo Kesho

Tarehe 3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini presha imetulia na miguu haivimbi tena. Mimi sijambo, ila kazi inanitoa jasho: kutwa nzima nipo dirishani, nasikiliza malalamiko ya watu waliokatiwa maji.

Usininunie kwa yale niliyofanya ulipokuwa umelazwa. Daktari alisema upunguze mawazo. Nilipoingia chumbani kwako nikakuta mafurushi ya nguo za wateja mpaka kitandani, na kila nguo imebakiza kitu kidogo tu, nikajua ugonjwa wako ndio huo. Nikamwita yule mwanafunzi wako wa zamani, tukazimalizia zote, wenyewe wakaja kuchukua. Cherehani nikampa yeye. Mimi nilipozimia kazini niligawa vitu vyangu nikabaki na sufuria moja, na sasa nalala usingizi wa pono. Nawe pumzika. Umeshona vya kutosha.

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Presha imeshuka. Daktari kanisifu mbele ya wagonjwa wenzangu, utadhani nimefaulu mtihani.

Sikununii. Chumba kimekuwa cheupe, ukikohoa kinakuitikia. Ila kuna jambo hukulijua, na sijawahi kumwambia mtu maana ni aibu kwa fundi. Zile nguo hazikunishinda. Nilikuwa naziacha makusudi. Huyu namwachia pindo, yule kifungo kimoja, akija namwambia njoo kesho. Anakuja juu, ananiita mwongo, halafu anakaa kwenye benchi tunapiga soga mpaka giza linaingia. Suruali ya mwalimu mstaafu ilikaa kwangu muda mrefu sana, naye kila Jumatatu alikuja kuiulizia. Nadhani alikuwa anajua.

Sasa kila mtu ana nguo yake. Hodi siisikii tena.

Shangazi yako


Tarehe 29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Unaendeleaje? Barua yako niliisoma nikiwa dirishani, machozi yakanitoka, mzee mmoja akadhani nalilia bomba lake akanipa pole.

Nilimtafuta mwanafunzi wako. Keshahama mji, na cherehani kahama nayo. Nisamehe, shangazi. Lakini si ungeniambia? Utazoea. Hata mimi mwanzoni ukimya ulinitisha. Ningekuja kukuona, ila nimeamua kupunguza safari, zinanichosha kuliko kazi. Nikipata likizo nitakuja.

Mwanao


Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mwili hauna neno.

Cherehani iache iende. Juzi nilijikaza nikaenda kwa mwalimu. Nimemkuta barazani amevaa ile suruali, imemkaa vizuri, mmeshona vizuri. Tulisalimiana, akaniuliza hali, nikamuuliza hali. Zamani angeanza kunigombeza na mimi ningemjibu. Nikaaga nikarudi.

Sitaki kukuficha, nimekata tamaa. Naamka, nafagia mahali ambapo ni safi, narudi kulala. Ulitaka nipunguze mawazo, na kweli siku hizi sina wazo hata moja.

Chini ya godoro nimekuta kitambaa cha bluu ulichoniachia ulipoanza kazi, ukasema nikushonee nikipata nafasi. Nafasi ninayo tele. Nakushonea gauni kwa mkono. Limebaki kifungo kimoja, cha shingoni. Hicho sikishoni mpaka uje ulijaribu.

Njoo kesho.

Shangazi yako


Tarehe 2 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu na sina cha kujitetea. Likizo ilikuja, nikaimalizia kitandani na mlango nimeufunga. Nilijiambia hivyo ndivyo mtu anavyojitunza.

Leo jirani yako, yule muuza mkaa, kaniletea kifurushi kazini. Anasema ulimpa wiki iliyopita, ukamwambia anikabidhi tu, nisisumbuliwe kwenda huko. Nimemuuliza hali yako akasema siku hizi mlango wako haufunguki sana. Nimelivaa gauni chooni, juu ya nguo za kazi. Limenienea. Nimepapasa vifungo kimoja kimoja kwa vidole, kuanzia chini, huku naomba. Vyote vipo. Cha shingoni umekikaza kwa uzi mara mbili.

Nimemwomba muuza mkaa anisubiri, tunaondoka wote jioni hii. Barua hii naandika kwa sababu jioni haifiki upesi. Nitakupa nikifika, ukinifungulia.

Shangazi, kwa nini umelimaliza?

Mwanao