Kaseti ya Thelathini na Moja

Kuopio, 14 Novemba

Mdogo wangu mpendwa Helmi,

Salamu nyingi zikufikie huko Rovaniemi, wewe na Jorma. Goti lako linaendeleaje? Mimi mwili haujambo. Najua umeudhika kwamba tangu Septemba simu zako naziacha ziite mpaka zinanyamaza. Soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie vizuri.

Unazikumbuka zile kaseti za Mama, thelathini na moja, alipokuwa anatusimulia walivyohama Karelia wakati wa vita na ng'ombe wawili. Nilizihamishia zote kwenye kompyuta yangu, kisha kaseti zenyewe zikaharibika kwa maji ghalani. Uliniambia mara ngapi niweke nakala nyingine? Nikawa nasema kesho.

Sasa mfumo wa kuendesha kompyuta yangu ulikuwa umezeeka. Kauko wa ghorofa ya pili, yule mstaafu wa kampuni ya simu, akaniambia nisinunue mashine mpya, atanipa mfumo wa bure kwenye flashi. Jumamosi moja alasiri alikuja, akanywa kahawa, akaichomeka flashi, akawasha mashine, akaniandikia kwenye karatasi: mashine ikiuliza, chagua kuweka mfumo mpya kando ya ule wa zamani, usifute diski nzima. Kisha akaondoka. Niliporudi kutoka sauna, bafu la mvuke la jengo letu, nilikuta kioo cheusi. Niliizima, nikaiwasha, ikasema haina mfumo wowote. Kauko alipoitazama Jumapili alisema diski inaonekana tupu, haina hata mpaka mmoja.

Helmi, nilimshuku papo hapo. Si ndiye niliyemshtaki kwenye kamati ya jengo kwa kupiga mazulia kwa fimbo Jumapili asubuhi? Nikamwambia jirani yetu Pirjo kwenye chumba cha kufulia kwamba mtu yule amemfuta Mama ili kulipiza kisasi. Halafu nikakushuku na wewe. Ulipokuja kwangu sikukuu ya Juhannus, katikati ya kiangazi, ulilia, ukasema heri sauti zile zisingekuwepo. Na Kauko alikubebea mizigo, mkacheka ngazi nzima. Nikaona mmepanga. Ndiyo maana sikupokea simu.

Wiki iliyopita Kauko alinigongea mlango. "Raili, maneno yako ya chumba cha kufulia yamenifika," akasema. "Haya, beba mashine yako, uje unichunge mwenyewe. Nikiiba hata herufi moja, nipeleke tena kwenye kamati, si unajua njia!"

Nilikaa jikoni kwake saa tatu nzima na mkoba mapajani, pulla yake, ule mkate mtamu wa iliki, sikuigusa. Alinieleza kwamba vitu havijaenda popote, kilichofutika ni orodha inayoonyesha kila sehemu ya diski inaanzia wapi na kuishia wapi, na usakinishaji ulikwama kabla ya kuandika kitu juu yake. Programu yake ikapita diski nzima ikitafuta mipaka ya zamani. Ilipoipata hakubonyeza mpaka nikasema ndiyo. Tukahesabu pamoja: thelathini na moja.

Badala ya kushukuru nikamuuliza ni nani basi aliyefuta. Akaendelea kukata pulla. Nilipong'ang'ania, akachomeka ile flashi, maana huwa inaweka kumbukumbu ya kila hatua na saa yake. Kufuta diski nzima kulichaguliwa Jumamosi ile saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Saa hizo ni zamu ya wanaume sauna, Kauko alikuwa huko na wenzake. Zamu yangu huanza saa kumi na mbili kamili, na unanijua, miaka kumi na tisa sijapoteza dakika. Nilisimama na taulo begani, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Nilimwomba msamaha. Akasema Jumapili atapiga mazulia na mimi nitanyamaza. Nikakubali.

Ningependa kuisingizia sauna niishie hapo. Lakini swali lile la kufuta lilikuja mara mbili, kwa maandishi mekundu. Na kaseti ya mwisho nilikudanganya kwamba ni mbovu. Ni ya wiki ya mwisho ya Mama. Nimemshika mkono, naye ananiita Helmi, mara nne. Mimi niliyemwogesha miaka sita! Nilitoka nikaenda barazani kulia, nikakiacha kinasa sauti kikirekodi, na sijawahi kuisikiliza kupita hapo. Je, kidole kiliteleza au kilitaka? Nimewashuku watu wote, sasa najishuku mwenyewe.

Siku ile jikoni Kauko aliifungua kaseti hiyo ili kuhakikisha ni nzima, akaiacha icheze. Kiti kikalia, mlango ukafungwa. Kisha Mama, chumbani peke yake, akasema: "Helmi, usimwamshe Raili. Amechoka mwanangu, amenibeba siku nyingi."

Zote zimo kwenye flashi iliyo ndani ya bahasha hii. Anza na hiyo ya mwisho. Msalimie Jorma, na goti ulifunge sufu. Nipigie, nitapokea.

Dada yako anayekuomba radhi,
Raili