Kompaila Iliyoniita Mama

Jumanne. Joto la Septemba, vumbi, mvua bado. Sina moyo wa kuandika, lakini naandika.

Kilio cha marehemu Kabeya, mwenzangu wa kazi, kiliisha jana. Leo nimerudi kwenye chumba cha kompyuta, tunakopigia hesabu za madini. Hakuna aliyethubutu kukalia kiti chake.

Tulijenga pamoja kompaila ya lugha ya Scheme, programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Sehemu ya Kabeya ni ile inayotambua yenyewe, bila kuambiwa, kwamba hiki ni namba na kile ni orodha. Ikiwa na hakika, inaondoa ukaguzi wa kila kitu kabla ya kukipigia hesabu, na hesabu zinakimbia. Ikiwa na shaka, inauacha, na ukikosea inakugombeza.

Maneno ya kugombeza aliyaandika yeye, kama alivyozoea kusema nami: "Mama, hii iko liste, haiko namba. Angalia muzuri." Basi kila aliyekosea aliitwa mama, hata citoyen chef, mkuu wetu wa kazi. Chef hakucheka.

Leo chef ameniagiza niwashe chaguo la kasi, lile linalofuta ukaguzi wote, penye hakika na penye shaka. Anasema hesabu zinachelewa, na aliyekuwa akibisha hayupo tena. Ndivyo alivyosema.

Nikajaribu. Nilikosea makusudi, nikajumlisha namba na orodha. Kabeya akanigombeza kwenye skrini, nikalia pale pale, mtu mzima. Kisha nikawasha chaguo la kasi, nikarudia kosa lile lile.

Kimya.

Ikanipa jibu. Namba ndefu, safi, ya uongo, na kwa haraka kweli.

Kabeya mwenyewe alikuwa akijipunguza. Kila alipoboresha sehemu yake, hakika iliongezeka na maneno yake yakabaki machache. Niliwahi kumuuliza kama haimuumi. "Kazi ikiwa muzuri inanyamaza, mama," alinijibu, akaendelea kula karanga zake.

Lakini kunyamaza kwa sababu una hakika si sawa na kuzibwa mdomo. Hilo katika nchi hii tunalijua, ingawa hatulisemi.

Namlilia bado. Sioni haya.

Kesho asubuhi nitamwambia citoyen chef kwamba siliwashi chaguo la kasi. Nitasema ni kwa ajili ya hesabu, na ni kweli. Akiniangalia usoni na kuniuliza kama ni hilo tu, nitamjibu nini?