Nenda Shimla Wakati wa Mvua

Mjukuu wangu Rayya,

Marahaba. Huku Ibra hatujambo, na shangazi yako keshajifungua mtoto wa kike.

Wauliza uende Shimla msimu gani. Wenzio hapo Delhi watakwambia Machi, uione milima ya theluji. Nami niliambiwa hivyo miaka ya sabini, nikakataa, nikataka Julai. Tangu nitoke Unguja kuja huku jangwani nilikuwa sijasikia mvua juu ya bati.

Ikanyesha mfululizo. Babu yako akanuna: "Milima yenyewe iko wapi?"

"Sikufuata milima," nikamjibu, nikatoka bila mwavuli, nalia na kucheka. Siku ya nne naye akanifuata, viatu mkononi.

Mlima hatukuuona hata mmoja. Watakucheka, mama. Waache wacheke.

Ni mimi bibi yako, niliyerowa na sijuti.