Maua Upande Mmoja

Jumatatu, 9 Machi 1998

Niwie radhi, daftari. Tangu Novemba sijakuandikia neno. Ni uvivu tu, wala sitaupamba.

Nimetoka Migori hadi Homa Bay, kwenye kituo cha ufundi cha kanisa letu. Kamati imenituma niikague mashine mpya ya kuchonga, iliyoletwa kwa msaada, na kuandika ripoti. Kompyuta hukizungusha kijiti cha mbao, kisu kikachonga maua — mkono wa mtu haugusi. Kamati inataka kalamu za mbao za kuwatunuku wachungaji. Mashine ikifaulu, Machuki, aliyekereza kalamu hapa kwa mashine ya kukanyaga miaka ishirini na miwili, ataenda nyumbani.

Austine, kijana wa kompyuta, amenieleza nusu saa nzima. Sikusikia hata sentensi moja iliyokamilika.

Jumanne, 10 Machi 1998

Kalamu tisa, zote mbovu. Upande mmoja maua yamezama, upande wa pili upara mtupu! Austine anaikodolea skrini kana kwamba itamwomba msamaha. Machuki akauliza kutoka kwenye benchi lake: "Austine, hiyo kitu yako imekunywa?" Karakana nzima ikacheka, nami nikacheka. Kijana akajibu kwamba kompyuta haikosei. Haikosei! Nimeandika kurasa tatu za ripoti, lawama zote kwa mashine na kijana wake, bila kufuta neno, na mkuu wa kituo ameshazisoma.

Jumatano, 11 Machi 1998

Nimefika karakana mapema. Machuki alikuwa peke yake, akitoboa vijiti vya mzeituni vilivyotoka Lambwe. Mashine haijui kutoboa; tundu la wino ni kazi yake.

Hakuniona. Akatafuta katikati kwa bikari, akaweka nukta. Kisha nukta ya pili kando yake, upana wa punje ya mchele. Akatoboa hapo. Vijiti vyote vya Austine — hivyo hivyo. Vyake mwenyewe, katikati barabara.

Mashine hushika kijiti kwa tundu lake. Tundu likienda kando, kisu huzama upande mmoja na kupita hewani upande wa pili. Hata mimi nimeelewa.

Nilikohoa. Hakushtuka.

"Mwalimu, nasikia ripoti yako ni nzuri."

Nikamwuliza kama anajua afanyalo. Akapuliza vumbi la mbao.

"Miaka ishirini na miwili sijawahi toboa kando. Unadhani naona raha?"

Austine akaingia, akatuamkia, akabeba vijiti vyake. "Asante, baba," akamwambia. Machuki akainamia kazi.

Alhamisi, 12 Machi 1998

Kamati imekuja, inakaa hapa kituoni saa nane. Ripoti ninayo mkononi: sarufi safi, habari ya uongo. Niliwahi kuwafukuza wanafunzi darasani kwa uongo mdogo kuliko huu, nikijiona mtu wa haki.

Austine amenifuata barazani. Asema mkuu amempa leo tu. Kalamu zikiharibika tena, arudi kwao Ndhiwa. Ameniomba nimwonyeshe alipokosea, "maana wewe umeona, Mwalimu."

Nimemwambia asubiri. Yuko hapa nje, amesimama.

Wananiita. Nitakaloamua nitaliandika, hata likiwa la aibu.