Skrubu Inayoyeyuka Mguuni mwa Mghoi

Mama yangu, uliyelala Werugha,

Mghoi wako alivunjika mguu. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe kwa salamu huku ana habari mbaya mdomoni.

Ndovu waliingia shambani kwake Makwasinyi alfajiri, mahindi yakiwa yameanza kukomaa. Akatoka na sufuria na mwiko, apige kelele kama majirani wafanyavyo. Ndovu mmoja badala ya kukimbia akageuka. Mghoi akatupa sufuria, akakimbia, mguu wa kushoto ukazama kwenye mtaro wa maji. Ndovu akampita karibu sana, akaenda zake. Jirani aliyemwokota aliniambia kwamba mdogo wangu alikuwa akiliita jina lako. Mghoi mwenyewe hakumbuki.

Nilimkuta hospitalini, Voi, kifundo kimevimba na kuwa cheusi. Daktari wa mifupa alisema mfupa wa upande wa ndani umekatika na lazima ushikwe kwa skrubu.

"Kuna za kawaida," akamwambia Mghoi, "na kuna zile za akina dada yako, kama utakubali kuwa kwenye majaribio."

Mghoi akanitazama.

Ulituacha nikiwa bado mwanafunzi, ukiwaambia watu kanisani kwamba kifungua mimba wako anasoma vyuma. Sasa ndiyo kazi yangu. Katika maabara yetu hapa Voi tunayeyusha magnesiamu, tunaichanganya na zinki kidogo, tunachonga skrubu ndogo za kushikia mifupa. Zikishakaa mwilini zinaanza kuliwa taratibu, mpaka zinakwisha zenyewe. Hakuna kurudi kupasuliwa ili zitolewe. Nchi nyingine walishatangulia. Hizi ni zetu, na hakuna mtu aliyekuwa amewekewa bado.

Unajua kwa nini nilichagua kazi hii. Ulianguka kwenye matuta ukiteremka na maziwa, wakakuwekea bamba la chuma kwenye muundi. Ukungu ukishuka ulikuwa unasogea karibu na moto, unakikunja kitenge mpaka gotini, unakishika kidole changu na kukiweka juu ya ngozi.

"Sikia kichwa chake," unaniambia. "Huyu mgeni hajui kuaga."

Nilikisikia kile kichwa cha skrubu, kigumu, chini ya ngozi yako laini, nami nikauondoa mkono haraka. Ulicheka. Miaka ilipita, pakaanza kutoa usaha, wakasema chuma kitolewe, ni kazi ndogo tu. Uliondoka nyumbani ukimwagiza Mghoi asisahau kumkatia ng'ombe majani. Kidonda kikaingia sumu, sumu ikaingia kwenye damu. Tukakurudisha Werugha ndani ya sanduku.

Kwa hiyo Mghoi hakuhitaji kuelezwa sana.

"Mama hakuuawa na kuvunjika," aliniambia pale kitandani. "Aliuawa na kutolewa chuma."

"Mghoi, hii bado ni majaribio."

"Mbuzi mliowajaribia walipona?"

"Wengi walipona."

"Wengi?"

Nikamwambia. Mbuzi mmoja, skrubu iliyeyuka upesi kuliko tulivyotarajia. Mfupa ulikuwa haujashika. Nilikuwa zizini nikimwekea majani aliposimama na mguu ukakatika tena. Ule mlio, Mama, ulikuwa mdogo kama wa kijiti kikavu. Baada ya hapo tulibadilisha mchanganyiko, mbuzi waliofuata wakapona vizuri. Lakini mlio ule sijausahau, na sasa niliusikia ndani ya mguu wa mdogo wangu.

"Mlirekebisha?"

"Tulirekebisha."

"Basi. Nataka yenu."

Nilimwomba afikirie tena. Akasema ameshafikiria, na kwamba nikiiogopa mimi niliyeitengeneza, nani ataiamini? Mkuu wetu alinitoa kando, akasema mgonjwa akiwa ndugu yako huna ruhusa ya kugusa chochote. Hivyo siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi kama ndugu wengine, nimefumbata mikono katikati ya magoti.

Alitoka salama. Nilidhani hofu imekwisha.

Wiki chache baadaye wakampiga eksirei. Nilisimama nyuma ya daktari, na kabla hajasema neno nilikuwa nimeshakiona: kivuli cheusi kimeizunguka skrubu. Magnesiamu ikiliwa hutoa hewa. Hewa kidogo tuliitarajia. Hii ilikuwa zaidi ya kidogo.

"Nyinyi ndio mlioniambia itatoka," daktari akasema.

"Si hivi."

Akaisogelea picha. "Nikiitoa skrubu sasa namfungulia kidonda kipya. Asikanyage. Tungoje."

Nikamwangalia Mghoi, naye akawa ananiangalia mimi, si daktari. Kisha akakishika kidole changu, akakibonyeza juu ya kifundo. Chini ya ngozi palichakarisha, kama povu la sabuni. Safari hii sikuuondoa mkono.

"Ni mbaya?" akaniuliza.

"Sijui."

Nilimhamishia kwangu Voi. Kila asubuhi nilimgusa paji la uso kabla hata sijanawa. Nilikuwa nikiinusa bandeji yake akiwa amelala, nikitafuta ile harufu ya kidonda chako. Akiinuka na magongo kwenda chooni nilisimama nyuma ya mlango, nikisikiliza. Kazini nilichukua skrubu za kundi lile lile, nikazipima tena na tena kwenye maji ya chumvi, na zilikuwa sawa, na usawa wake haukunisaidia kitu. Maabara haina mwili wa Mghoi. Niliomba, Mama. Niliomba kwa Mungu, halafu nikakuomba wewe, ingawa mchungaji angenikemea.

Siku moja alinikuta jikoni nalia juu ya sukuma wiki.

"Dada, ukilia hivi nitaanza kuogopa," akasema. "Na mimi sitaki kuogopa. Kazi hiyo nakuachia, uifanye wewe."

Nikaifanya.

Eksirei iliyofuata kivuli kilikuwa kimepungua. Iliyofuata hiyo, daktari alifuatisha kalamu pale palipokuwa pamekatika, akakosa mahali pa kuisimamisha. Mfupa ulikuwa umeungana. Skrubu ilibaki nyembamba, imeliwaliwa kingo.

"Kanyaga," akamwambia.

Niligeukia ukuta. Nilikuwa nasubiri ule mlio. Nilisikia gongo likiegemezwa mezani, halafu viatu vya mpira sakafuni, kimoja, kingine. Mghoi akanigusa bega kwa nyuma. Alikuwa amekuja mwenyewe.

"Na ile inayoyeyuka inaenda wapi?" akamwuliza daktari.

"Utaikojoa."

Alicheka mpaka akashika meza. Amerudi Makwasinyi. Ndovu bado wapo, na sufuria amenunua nyingine.

Sasa mradi unaendelea na wagonjwa wengine. Juzi nilimpita mmoja kwenye korido, mama aliyetoka Mghange, mguu juu ya kiti, binti yake kando. Binti akaona kitambulisho changu, akasimama.

"Wewe ni wa hizo skrubu? Kweli ni salama?"

Daktari alikuwa ameshawaeleza. Nami nikawaeleza tena. Nikamwambia habari za mbuzi. Nikamwambia habari za kivuli cheusi, na kwamba kwa mgonjwa mmoja kiliondoka, na kwamba mmoja ni mmoja tu. Mama yule akamshika binti mkono, akasema anakubali.

Nilitaka kumwambia yule binti asiogope. Badala yake nikavuta kiti, nikakaa naye mpaka mama yake alipoitwa chumba cha upasuaji, na alipoitwa tukasimama wote wawili.

Lala salama, Mama. Sisi huku bado tunangoja.

Kifungua mimba wako,
Wakesho