Kikombe cha Uji Upande wa Kulia

Dada Veronika,

Ningeanza kwa kukujulia hali, lakini juzi nilikuwa Usoke kwenye kaburi lako na hali yako naijua. Kwa hiyo niseme moja kwa moja: nina hasira. Tangu tukuzike nina hasira ninapoamka, ninapofua sare, ninapokula. Nyumbani wanasema ni msiba tu, utapita. Msiba naujua, ulikaa kwetu alipofariki mama. Hiki ni kitu kingine.

Habari za kuugua kwako zilinifikia kazini kwangu, zahanati ya Bukene. Aliyezileta ni gadi wa treni, yule uliyemuuguza mkewe. Alisema, "Sista Veronika ameanguka akipiga pasi. Amepooza upande mmoja na hawezi kusema." Nikaomba ruhusa, nikapanda treni ya kwenda Tabora. Njia nzima nilijipa moyo. Nilijiambia kwamba umelazwa katika wodi uliyoitumikia tangu kabla ya uhuru, na wanaokuuguza ni watu uliowafundisha wewe mwenyewe. Nani mwingine angekuwa na bahati hiyo?

Nilikukuta kitanda cha pembeni. Shuka lilikuwa limelowa, likakauka, likalowa tena. Mkono wako wa kulia ulilala kama si wako. Na upande huohuo wa kulia, juu ya kikabati, palikuwa na kikombe cha uji ulioganda, kijiko kimesimama ndani yake. Kabla sijakusalimu alikuja muuguzi, akakichukua, akamwambia mwenzake juu ya kichwa chako, "Huyu hali tena. Hana hamu."

Mwenzake akajibu, "Hajui lolote huyo. Mwache."

Nikakaa kitandani, nikakushika mkono wa kushoto. Nikakuambia, Dada Vero, ni Zuhura, kama unanisikia nibane. Ulinibana mpaka pete ikaniumiza kidole.

Basi ulikuwa umesikia yote. Kila siku waliweka chakula upande uliokufa, wakaja kukiondoa, na wewe ukisikia ukisemwa kwamba huna hamu. Bado sijui nilizuiaje mikono yangu.

Wewe ndiye uliyeniambia kwamba mgonjwa asiyejibu ndiye wa kusemeshwa zaidi. Wazee walioletwa kutoka vijijini, hata waliozimia, uliwainamia ukawaambia "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya kwao, halafu ukangoja kidogo, kana kwamba wanatafuta jibu. Ulipasha mikono yako kwenye birika la chai kabla ya kumgusa mtu asubuhi ya baridi. Na baba yangu aliposema binti wa ukoo wetu hatatoka dukani kwetu Kanyenye kwenda kushika uchafu wa watu, ulikuja nyumbani, ukaketi mkekani, ukamwamkia, ukamuuliza kwa upole, "Mzee wangu, siku utakayolala wewe, ungependa akushike nani?" Baba hakunizuia tena.

Nilimfuata Paulina ofisini kwake. Unamkumbuka alivyokuwa, tulivyokufuata sote wawili kama vifaranga. Sasa ndiye msimamizi wa wodi, na kila mtu kwake ni Ndugu fulani mkutanini, lakini wagonjwa anawaita kwa namba za vitanda. Akaniambia, "Zuhura, sabuni hakuna. Shuka hakuna. Watu wanne nimenyang'anywa, wamepelekwa vijiji vipya. Unataka nifanye nini?"

Nikamwambia, "Hamisha kikombe."

Hakunielewa. Nikapaza sauti wodi nzima ikasikia. Sabuni haipo, sawa. Lakini kusogeza kikombe kutoka mkono uliokufa kwenda mkono mzima hakungoji meli ya sabuni. Kumgeuza mtu hakuhitaji fedha za kigeni. Kumwambia habari za asubuhi hakumo katika mgawo.

Na wewe, dada, unajua ulichofanya? Ulinivuta gauni kwa huo mkono wako wa kushoto, ukatikisa kichwa. Umelala na vidonda mgongoni, na bado unanikataza nisimwaibishe Paulina mbele ya wagonjwa. Hilo nalo linaniudhi. Nakuambia leo kwa kuwa huwezi kunivuta gauni.

Nilibaki. Shangazi yangu alileta maji ya moto na shuka zake za harusi, akazichana bila kuniuliza. Nilikuketisha, nikakulisha taratibu upande mzima wa mdomo, ukameza. Ulikuwa na njaa. Ulikula kama mtu aliyetoka safari. Hicho ndicho kinachonisumbua kuliko kifo chenyewe, kwa sababu kifo tungeshindwa kukizuia, lakini njaa ile... Vidonda vilikuwa vimeshafika mbali. Homa ikaja, ikapanda, na asubuhi moja nikiwa nakuosha uso ukaondoka.

Watu wa hospitali walikuja Usoke kukuzika na lori zima, wamevaa sare nyeupe zilizopigwa pasi. Sabuni ya sare ilipatikana. Mkubwa mmoja akasoma hotuba, kwamba taifa limepoteza mtumishi aliyejitolea na kwamba wodi ilikuenzi mpaka dakika ya mwisho. Nikasimama. Mwanamke, Mwislamu, katikati ya mazishi ya Wamoravian. Watu wakaguna. Kaka yako Yakobo akasema, "Mwacheni aseme, huyu alimlisha." Nikasema tu kwamba ulikuwa na njaa na uji ulikuwa pale. Halafu nikaketi. Paulina aliangalia udongo.

Baadaye wakubwa wa hospitali waliniita. Wakasema nimewadhalilisha wafanyakazi na kuvunja umoja, niombe radhi. Nikakataa. Nilidhani watanifukuza. Matroni akanitazama sana, akasema, "Unajua sana kuuguza? Basi utatoka Bukene uje ufanye wewe." Alikusudia adhabu. Nikamwambia ahsante.

Kwa hiyo niko wodini kwako. Chini ya Paulina. Hatuongei ila kazi. Wengine wananiita Bi Hasira, wanadhani sisikii. Siwalaumu wote, dada, wapo wanaofanya zamu mbili mfululizo na miguu imevimba. Lakini nikiona chakula kimewekwa mahali asipofika mtu, nasimama hapohapo mpaka aliyekiweka arudi. Wananichukia. Wiki jana mwanafunzi mmoja kutoka Nzega alimuuliza bibi mpya aliyepooza, bila kuambiwa na mtu, "Mama, mkono gani unafanya kazi?" Nilitoka nje nikalia.

Na jana nilikuwa namgeuza mgonjwa mzito peke yangu. Paulina akapita, akasita, akarudi, akashika shuka upande wa pili. Tukamgeuza. Alipomaliza alibaki ameshika ukingo wa kitanda, akasema polepole, "Nilikuwa naogopa kumtazama machoni." Nilijua anakusema wewe. Sijamsamehe, na usinitikisie kichwa. Nilimwambia tu kitanda kinachofuata nacho kinahitaji watu wawili, akaja.

Siwezi kukuahidi upole, huo ulikuwa wako na umeondoka nao. Nakuahidi kwamba nitakapokuwapo hakuna mtu atakayezungumzwa kama maiti wakati bado anapumua. Nikichoka kuwa na hasira, nitafanya hivyohivyo bila hasira.

Mungu akulaze unapostahili, Dada Vero. Kuna mgonjwa ameletwa sasa hivi kutoka stesheni na hakuna aliyemuuliza jina. Naenda.

Zuhura